Bado Mnasafisha?

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Mei 2024, ufukweni Kibirizi, hapa Kigoma, saa moja na nusu asubuhi. Mitumbwi ilishashusha, dagaa wameshaanikwa mchangani na kwenye chanja, na jua lilikuwa ndiyo kwanza linachungulia nyuma ya vilima. Mama mmoja alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa kifudifudi, anahesabu noti. Nikamwamkia, nikamwomba nimpige picha moja. Akaniangalia mimi, akaiangalia kamera, akasema piga.

Nikapiga. Kamera ikalia kwa sauti yake nzito, nikavuta kile kimkono cha kusogeza mkanda wa filamu.

"Hebu nione," akasema, mkono ameshaunyoosha.

Nikaigeuza. Nyuma hakuna kioo. Kuna mfuniko mweusi tu.

"Haionekani, mama. Hii ni ya mkanda. Mpaka ikasafishwe."

Alicheka hadi wenzake wakageuka. "Bado mnasafisha?"

Halafu kicheko kikamtoka usoni. "Mimi kuna mmoja alinipiga hapahapa, nina mimba ya mtoto wangu wa kwanza. Hela nikampa. Akasema nitaleta. Huyo mtoto sasa ana watoto wawili."

"Mimi nitaleta, mama."

"Wote mnasema hivyo."

Akarudi kwenye noti zake.

## Ziwa likafungwa

Tarehe 15 Mei Ziwa Tanganyika likafungwa, hakuna kuvua. Miezi mitatu, hadi 15 Agosti, samaki wapumzike wazaliane. Nilikwenda Kibirizi mara mbili kumtafuta yule mama, nikakuta chanja tupu na kunguru wachache ambao habari ya kufungwa kwa ziwa ilikuwa haijawafikia.

Mkanda ulikuwa bado ndani ya kamera. Una nafasi 36, nilikuwa nimefika ya 22. Kila nikiiona kamera pale juu ya kabati namsikia.

Wote mnasema hivyo.

Ningekuwa nimemkosa tu, ningesahau. Kilichonikaa rohoni ni kingine. Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nimejiaminisha kwamba kupiga picha kwa mkanda ni jambo la subira, la utulivu, la kumheshimu anayepigwa. Nilishawahi hata kuandika hivyo hapa, wenye kumbukumbu mtanicheka. Na huyu, mtu wa kwanza niliyemwomba ruhusa kwa adabu zote, alitazama kitu hichohicho akaona utapeli wa miaka ya nyuma unamrudia.

## Habari za ufufuo

Mimi niliingia kwenye mambo haya kwa hasira. Mwaka 2021 simu yangu ilidondoka ziwani pale Bangwe, ikazama na picha za miaka mitatu ya kwanza ya mwanangu. Nyumbani kwa baba mdogo, mpiga picha wa zamani, kulikuwa na kamera ya Pentax K1000, aina ile iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, chuma kitupu, haihitaji betri isipokuwa kwa sindano ya kupimia mwanga. Nikaiomba. Akanipa bila kuuliza ya nini.

Halafu nikaanza kusoma, na kila nilichosoma kilinipa moyo.

Maana sisi wengine tulishaanua matanga zamani. Polaroid waliacha kutengeneza mikanda yao ya papo kwa papo 2008. Kodachrome, mkanda wa rangi wa Kodak, ikafuata 2009. Januari 2012 Kodak yenyewe ikakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai, na mwaka huohuo ikaacha mkanda wake mwingine, Ektachrome. Nani angebaki anasubiri?

Kumbe marehemu alikuwa anapumua. Ektachrome ilirudi 2018. Leica wakairudisha kamera yao ya mkanda, M6, 2022. Desemba 2023 Harman wa Uingereza, hao wanaotengeneza mikanda ya Ilford, wakatoa mkanda wa rangi waliouita Phoenix. Juni 2024, ziwa letu likiwa bado limefungwa, Pentax wakatoa kamera mpya kabisa ya mkanda, Pentax 17, ambayo kila nafasi inaigawa mara mbili, mkanda wa picha 36 ukakupa 72. Na Novemba mwaka huo Kodak wakasimamisha kwa muda kiwanda chao cha filamu kule Rochester ili wakiboreshe, kwa sababu wanunuzi wameongezeka.

Kwa hiyo kama swali ni iwapo mkanda umefufuka, jibu ni ndiyo. Sibishi.

Lakini umefufukia wapi? Mkanda wangu ulikuja Kigoma ndani ya sanduku la rafiki aliyekuwa anarudi kutoka nje. Niliutunza kwenye friji, kando ya nyanya, na mke wangu akaniuliza kama unaliwa. Watu wa Kigoma ninaowajua wanaopiga kwa mkanda ni mmoja, naye ndiye anayeandika.

Mpwa wangu yuko chuo. Siku moja likizoni akaishika ile kamera, akaipindua, akanionyesha simu yake. "Anko, hiyo inatoa kama hii?" Ilikuwa picha yake mwenyewe, amepiga Jumapili ufukweni. Programu imeijaza chenga, imeweka mwanga mwekundu unaovuja pembeni, na kwenye kona imeandika tarehe kwa rangi ya chungwa. Mwaka '98.

Amezaliwa 2004.

Nikamwambia huo mwanga mwekundu ni kamera mbovu, baba mdogo angerudisha hela ya watu. Na hiyo tarehe wateja walikuwa wanailalamikia kwamba inawaharibia picha. Alicheka, lakini hakuifuta. Na sina sababu ya kumcheka yeye. Ana picha elfu nne kwenye simu na amechagua moja aipe jasho la uongo, ionekane kama ilihangaikiwa.

## Nani alipaka grisi

Habari ya Liemba, meli yetu ya ziwani, kila mtoto wa hapa amelishwa nayo, siirudii yote. Nataka kipande kimoja tu. Wajerumani walipoamua kuizamisha mwaka 1916, mafundi wao walizipaka injini grisi kwanza. Walikuwa wanategemea kurudi. Hawakurudi wao, aliyeiopoa 1924 alikuwa Mwingereza, na 1927 ikaingia kazini na jina jipya. Lakini grisi ilifanya kazi yake bila kujali nani ameopoa.

Ndiyo nikajiuliza, mkanda wa picha ulipokuwa unazama, nani aliupaka grisi?

Nilidhani ni vijana. Kumbe vijana wamekuja kupanda meli imeshaopolewa. Grisi ilipakwa na watu wa sinema. Kodak ilipokuwa inafikiria kufunga kabisa, waongozaji wakubwa wa Hollywood, akina Christopher Nolan na Quentin Tarantino, walipiga kelele, na kufikia mwanzoni mwa 2015 kampuni kubwa za filamu zilikuwa zimesaini kununua mikanda kwa miaka kadhaa mbele. Kiwanda kinachotoa mikanda ya sinema ndicho hichohicho kinachotoa wa kwangu. Mkanda uliokuwa kwenye friji yangu kando ya nyanya ulibaki hai kwa sababu kuna mtu alitaka kupiga filamu ya mabilioni bila kompyuta.

Na kule Uholanzi, mji wa Enschede, kikundi kidogo kiliziokoa mashine za mwisho za Polaroid zisiwe chuma chakavu, kikaanza kubuni upya dawa ambazo mapishi yake hayakuwezekana tena.

Hapa kwetu hakuna aliyepaka. Baba mdogo aliiuza mashine yake ya kukuzia picha kwa mtu aliyetaka lenzi. Sinia zake za dawa, shangazi aliziotesha mchicha.

## Dawa inaitwa haipo

Lakini kuna kitu hakikuzama, nacho ni neno.

Nenda leo studio yoyote ya mtaa wa Mwanga, hapa mjini. Utamkuta kijana na kompyuta na printa, hajawahi kugusa negativu, ile picha ya kinyume ya kwenye mkanda, maishani mwake, na mteja anaingia na simu mkononi anasema: naomba unisafishie hizi tatu. Hakuna kinachosafishwa. Hakuna maji wala dawa, na giza la mle ni la umeme kukatika tu. Lakini picha kutoka kwenye simu kwenda kwenye karatasi bado inasafishwa, kana kwamba ilikuwa chafu, kana kwamba ipo chini ya tope fulani na lazima mtu akaisugue huko nyuma ndipo sura itoke. Na ukifikiri, ndicho kilichokuwa kinatokea kweli. Mwanga ukishagusa zile chumvi za fedha kwenye mkanda, picha imeshaingia, ila haionekani. Unaweza kukaa nayo wiki, unaweza kukaa nayo mwaka. Dawa ndiyo inayoitoa. (Fedha ya madini, nasema. Ile nyingine ndiyo inayoishia humo.)

Nilikwenda kwa baba mdogo anifundishe. Alikuwa na studio miaka 28. Siku hizi ana michikichi na hana hamu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Nasikia umerudi utumwani."

Sikutegemea hayo mapokezi. Nilitegemea mzee atatokwa na machozi kidogo, atanishika bega. Badala yake alinihesabia.

Nyeusi na nyeupe alisafisha mwenyewe, usiku, kwa sababu mchana chumba chake cha giza kilikuwa na matundu mengi kuliko chekeche. Za rangi zilipanda treni. Reli ilifika kwetu 1914, na tangu hapo tunaitwa mwisho wa reli. Mwisho wa reli maana yake kila kitu kinakufikia mwisho, ikiwemo sura yako mwenyewe. Kutoka hapa hadi Dar ni kilomita kama 1,250. Aliweka mikanda kwenye bahasha, akamkabidhi mfanyakazi wa treni, akasubiri. Wiki mbili kama mambo ni mazuri. Mvua za El Nino zilipokata reli, mwaka ule wa 1997 kuingia 1998, kuna mtoto alipigwa picha ya arobaini na picha ikarudi anatambaa.

"Na hiyo ni iliyorudi," akasema. "Kuna mikanda imerudi mitupu. Harusi nzima imeungua. Harusi nzima! Unamwambia nini bwana harusi, aoe tena?"

Nikajaribu kumwambia kuhusu ile simu iliyozama. Akatafakari kidogo.

"Hapo sawa. Mkanda ukidondoka ziwani unausuuza, unauanika. Kama dagaa." Hilo moja alinipa. Mengine yote aliyakataa. "Lakini simu imenikomboa mimi. Ningekuwa nayo wakati ule nisingegombana na nusu ya mji."

Kisha akanifundisha. Dawa ya kwanza inatoa picha. Maji yanaisimamisha. Dawa ya pili ndiyo inayoifanya ibaki, isiendelee kuungua ukiitoa kwenye mwanga, na wapiga picha wote wa zamani waliiita kwa jina lake la mkato walilolichukua kwa Wazungu, *haipo*.

"Umeelewa?" akaniuliza, kwa mara ya kwanza anatabasamu. "Bila haipo, haipo."

## Boksi

Alinipa pia boksi. Lilikuwa la mafuta ya kupikia, limefungwa kwa kamba ya katani, na ndani yake kulikuwa na bahasha za kaki, kila moja ina jina kwa kalamu ya wino na kiasi kilichobaki kulipwa. Picha ambazo wenyewe hawakuzifuata.

Utaratibu ulikuwa nusu kabla, nusu baada. Wapo ambao ile nusu ya pili haikupatikana. Wapo waliopigwa wakiwa wanasubiri boti ya kwenda Kalemie au Bujumbura, na boti ikafika kabla ya treni. Wapo wa 1996 na miaka iliyofuata, wakati ng'ambo ya ziwa kunawaka vita na watu wanavuka kwa mamia. Walikuja Ujiji na Mwanga, wakapiga picha, wakapelekwa makambini, na picha zikabaki na baba mdogo. Mwanamume amevaa koti la kuazima, koti la studio, nimelihesabu kwa watu tisa tofauti. Mabinti wawili wameshikana mikono mbele ya pazia la ndege iliyochorwa. Mtoto analia, mkono wa mama unaonekana kwenye kona unamshikilia asianguke.

Nilikaa na lile boksi jioni mbili nikimtafuta mwanamke mwenye mimba, Kibirizi.

Hayumo.

Hapo ndipo kitu kilipogeuka kwangu, na si kwa namna niliyoitaka. Kila nilichokuwa nimesoma kuhusu kurudi kwa mkanda kimeandikwa na mtu aliyesimama nyuma ya kamera. Anasifia kusubiri. Anasema kusubiri kunamfundisha kuona. Inawezekana. Lakini kwa watu wa kwenye boksi kusubiri hakukuwa darasa. Kulikuwa ni kuacha sura yako, na nusu ya pesa, mikononi mwa mtu ambaye huenda asirudi, au arudi aseme imeungua. Mimi ninasubiri kwa hiari, naweza kuchoka kesho nikashika simu. Yule mama alisubirishwa.

Na si jambo la jana. Pale Ujiji wageni huonyeshwa mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na mtu hufikiri picha anayoiona vitabuni ilipigwa pale. Haikupigwa, ni michoro. Anayeonekana kwenye picha ya kweli, ya kamera, ni mtoto Kalulu, ambaye Stanley alipewa na mfanyabiashara Mwarabu kule Tabora. Mwaka uliofuata alikuwa London, amesimamishwa studio pamoja na Stanley mbele ya pazia la kuchora, na kadi za picha hizo zikauzwa. Mwaka 1877 akafa maji kwenye maporomoko ya mto Kongo, akiwa bado kijana. Sura yake ilisafiri mbali. Sijui kama hata moja ilibaki mikononi mwake.

## Barafu

Nilimaliza mkanda mwezi Julai kwa kumpiga mwanangu picha 14 mfululizo ili tu uishe, jambo ambalo wapenzi wa subira wasinisikie.

Mkanda wa rangi unataka dawa ya nyuzi 37.8, na kosa la nusu nyuzi unaliona kwenye rangi. Wangu ulikuwa wa nyeusi na nyeupe, ambao unavumilia zaidi, lakini maelekezo yote yanasema nyuzi 20. Wameandika watu wa nchi za baridi. Maji yangu ya bomba yalisoma 26. Baba mdogo alisema wao walikuwa wanapunguza dakika tu, ila mchana wa Septemba ute wa mkanda ulikuwa unalainika hadi unachubuka kwa ukucha. Nikanunua barafu kwa jirani, zile za kwenye mifuko ya nailoni, nikazipanga kwenye beseni, nikaweka chupa za dawa katikati kama soda za sherehe.

Ninyi mnaodhani kuna taa nyekundu, hapana. Taa nyekundu ni ya karatasi. Mkanda unataka giza la kaburi. Nilijifungia bafuni, shuka mlangoni, mwanangu akipiga hodi kila dakika kuuliza kama nimemaliza kuoga, nikauingiza mkanda kwenye koili, kile kigurudumu cha kuuzungushia, kwa kupapasa. Mahali fulani katikati ukakwama. Nikausukuma. Ukakunjika, ukalala juu ya mwenzake. Nilijua papo hapo. Hata gizani unajua.

Ulipotoka kwenye haipo nikaunyoosha dirishani. Mahali ulipogandana, dawa haikufika. Ni weupe wenye mabaka. Picha kumi na moja zimekwenda.

Nilihesabu kutoka mwanzo kwa kidole, polepole, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Ishirini na moja. Ishirini na mbili.

Yupo.

Hatua tatu zaidi na angekuwa ndani ya baka. Niliketi juu ya ndoo. Kwa mara ya kwanza nilimwelewa yule aliyesema nitaleta miaka ile, ambaye nilikuwa nimemhukumu kwa mwezi mzima. Inawezekana aliila ile hela. Inawezekana pia alisimama mahali kama hapa na mkanda mweupe mkononi, akaona haya, akaanza kupita njia nyingine.

## Ya mkanda au ya simu

Sasa kuipeleka kwenye karatasi. Mashine ya kukuzia iliuzwa, mnakumbuka. Nilichofanya ni kuwasha kioo cha kompyuta kikiwa cheupe, nikaunyanyua mkanda mbele yake kidogo, nikaupiga picha kwa simu, halafu nikageuza nyeusi kuwa nyeupe kwa programu. Ileile anayotumia mpwa wangu.

Nikaipeleka studio. Yule kijana akaiangalia kwenye kompyuta yake. "Hii umeweka hizi chenga kwa programu gani, kaka?"

Nikamwambia chenga ni zake mwenyewe. Hakuniamini, na kwa nini aniamini? Nilikuwa nimetumia miezi mitatu, barafu za shilingi mia tano, na picha kumi na moja zilizopotea, kufika mahali ambapo picha yangu na ya '98 bandia zinapita kwenye printa moja, kwa bei moja. Ingekuwa nimempiga yule mama kwa simu, angeiona palepale, ningemtumia palepale, na asingekuwa na sababu ya kunikumbusha mtu mwingine.

Hili swali sijalimaliza. Nimeandika aya hii mara nne. Kuna siku naona mkanda ni starehe yangu inayolipiwa na subira ya wengine. Kuna siku naitazama ile picha, jua limemshika upande mmoja wa uso, noti mkononi, kidole kwenye ulimi tayari kuhesabu, na najua kwa simu ningepiga kumi na tano na nisingeitazama hata moja kwa muda niliomtazama yeye kabla ya kubonyeza. Kwa sababu ilikuwa moja. Nilimwomba moja.

Nilisafisha mbili. Moja ya kwake, moja ya ukutani.

## Agosti

Ziwa lilifunguliwa tarehe 15. Nilimwacha siku tatu apate biashara kwanza, nikaenda asubuhi ileile ya saa moja na nusu. Alikuwa kwenye ndoo ileile. Hakunikumbuka mimi, aliikumbuka kamera.

"Nimeleta, mama."

Aliifuta mikono kwenye kanga, mbele na nyuma, akaipokea kwa pembe. Aliitazama muda mrefu. Akasema amezeeka. Akawaita wenzake, wakasema hajazeeka, ila ule ulikuwa mwezi wa njaa. Mmoja akataka kujua noti ni kiasi gani, wakajaribu kuzihesabu kwenye picha. Nikasimama pale nimejaa kama mtu aliyelipa mahari.

Kisha akaigeuza nyuma. Peupe. Akaniangalia.

"Na ile nyeusi yake?"

"Ipi, mama?"

"Ile nyeusi. Unaiweka juani unaona watu wana meno meusi." Alikuwa anaongea taratibu, kama anamwelekeza mgeni njia. "Ukibaki nayo wewe, picha ni yako. Ikipotea hii nitakuja kukuomba. Nayo niletee."

Ilikuwa nyumbani, kwenye karatasi nyembamba. Mikanda hukatwa vipande vya picha sita sita. Yake iko katikati, kushoto kuna machweo ya Katonga, kulia kuna mwanangu anaruka kwenye maji, na ili niitoe ni lazima niwakate wote kwa mkasi. Nilifungua mdomo nimweleze hayo. Yeye alishaona nimesita.

"Nitaleta," nikasema.

Akawageukia wenzake.

"Haya. Mmemsikia."